Besi ya Kerubo wa Birongo

Kisii Mjini,
14 Januari 2025

Kwa baba mdogo Mogire,

Bwakire buya, baba mdogo. Natumaini mko salama huko Ikonge, wewe, mama mdogo na wadogo zangu, na kwamba kiangazi hiki hakijayaunguza majani chai. Mimi ni mzima, ila vumbi la mji limenipa mafua yasiyoisha. Mwambie mama yangu blanketi lake nimelipata. Phanice wa ndizi atamletea pamoja na barua hii. Nimekubaliana naye awe posta wetu kila Jumatatu akija kuuza sokoni Daraja Mbili, maana simu yako, baba mdogo, ukiipokea unapiga kelele kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, na mimi huku sisikii hata neno moja.

Sasa neno lenyewe. Unajua gazeti letu la Nyuzi linawaandikia wapiga gitaa. Mhariri wetu, Bwana Ogweno, ni mtu wa Homa Bay asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi. Ameona kwamba wapiga solo wananunua gazeti, wa kinanda wananunua, lakini wapiga besi wanasoma la jirani na kulirudisha. Anataka toleo la Aprili liwe lao, na kazi ya kujua wanataka nini amenitupia mimi. Nilianza na Ongeri wa Ogembo. Akaniambia anataka picha kubwa. Nikamuuliza picha ya nini, akasema, "Kubwa tu." Nikafunga daftari.

Basi nimeona nimuulize mpiga besi aliyenilea. Niandikie kwa maneno yako mwenyewe na usijizuie. Nitahitaji pia historia ya ule wimbo wenu wa Kerubo wa Birongo. Redio bado zinaupiga, na kila mtu anayeijua besi ile anauliza ilitoka wapi.

Mwanao,
Celestine


Ikonge,
26 Januari 2025

Binti yangu Celestine,

Buya mono. Sisi tuko, Nyasae anatushika mkono. Majani yamepungua lakini hayajakufa. Ng'ombe mweupe amezaa dume, hasara tupu. Mama yako amelipokea blanketi akalikunja akaliweka juu ya kabati, kwa hiyo jua kwamba halitatumika mpaka Yesu arudi.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya tatu nilisimama. Watu wameniuliza mengi katika maisha haya, bei ya mbegu, njia ya kwenda Birongo, kama nimeokoka, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza mimi, mpiga besi, ninataka nini. Kaa chini basi.

Kwanza, mwambie Ogweno aache kutuchorea shingo ya gitaa yenye vidoti vyekundu. Vidole vyetu vinajua njia. Tunachotaka kuambiwa ni wakati gani wa kunyamaza. Mpiga solo akikosea anajiongezea mbwembwe, watu wanapiga makofi. Sisi tukikosea, kanisa zima linakosa mguu wa kusimamia. Andikeni juu ya hilo.

Pili, nyuzi. Mnatuwekea picha za nyuzi ambazo hata Nairobi mtu anaziona kwenye kioo tu. Sisi huku nyuzi zikichoka tunazichemsha! Ndiyo, kwenye sufuria, maji na siki kidogo, dakika kumi, unazikausha kwa kitambaa, zinaamka. Mama yako mdogo alinifukuza jikoni kwa sababu hiyo, ati chai ilikuwa na ladha ya msumari. Andikeni mambo kama hayo. Andikeni mvua ya Nyamira inavyoipinda shingo ya gitaa na mtu afanye nini. Na amplifaya ikiwa mbovu semeni ni mbovu, hata kama mwenye duka amewapa tangazo la ukurasa mzima.

Tatu, mtusaidie na wazee wa kanisa. Hapa kwetu mzee mmoja alisimama Sabato akasema besi inaamsha kiuno. Mimi nina miaka hamsini na minne, Celestine. Kiuno changu hakiamshwi na kitu chochote.

Nne, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Picha zenu zote, mpiga besi amekatwa. Unaona bega, unaona kiatu. Na kwenye maganda ya kaseti ni hivyo hivyo. Kaseti ya Kerubo iliandikwa "Ochoki na Bendi ya Ikonge". Mwimbaji ana jina, sisi ni bendi. Watu walioana kwa wimbo ule, walizaa kwa wimbo ule, na hawamjui aliyewachezesha. Mtu akifanya kazi kwa mikono yake, jina lake liwe hapo, hata kwa herufi ndogo kama za kwenye dawa. Hilo ndilo wapiga besi wanalitaka, mwanangu. Mengine yote ni chumvi.

Nimekulea tangu ndugu yangu alipotuacha ukiwa na mwaka mmoja, na sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Katika gazeti lenu andika nani alipiga besi ya Kerubo wa Birongo.

Mama yako anasalimu. Nilitaka tuusikilize wimbo pamoja Jumapili redioni akatoka nje kuangalia kuku. Kila mara ni hivyo. Sijui sikio lake lina nini.

Baba yako mdogo,
Mogire


Kisii Mjini,
17 Februari 2025

Baba mdogo,

Salamu kwenu nyote. Pole kwa dume. Mafua yamekwisha.

Barua yako ilimchekesha Bwana Ogweno saa mbili asubuhi. Ofisi nzima ilishangaa. Anataka kuichapisha karibu yote.

Wiki iliyopita nilikwenda Ogembo kumwona mzee Ochoki kwa ajili ya historia ya wimbo. Sauti yake imekwisha, lakini kumbukumbu iko pale pale. Ana sanduku la bati lenye kaseti za mazoezi ya bendi yenu, ameziandika tarehe moja moja. Amenipa moja nikaisikilize.

Nina swali moja tu, na naomba ulijibu polepole. Besi ya Kerubo ulitunga wewe? Ilianzaje, na nani alikuwepo?

Celestine


Ikonge,
23 Februari 2025

Celestine binti yangu,

Sisi wazima. Mvua imeonja juzi, haikukaa. Mdogo wako wa mwisho amefukuzwa darasani kwa kucheka, na alipoulizwa alichokuwa akikicheka akacheka tena. Mama yako mguu unamsumbua kidogo lakini anatembea.

Swali gani hilo? Nilitunga mimi. Nilikuwa nachuna majani kule juu, mvua ikanikuta, nikajificha chini ya mwembe wa jirani, hapana, chini ya paa la kituo cha kupimia majani, matone yakawa yanaanguka kwenye debe, na besi ikaja. Nilikuwa peke yangu. Andika hivyo. Nimekwisha kuwaeleza watu hadithi hiyo mara nyingi, muulize yeyote.

Ochoki ni mzee sasa. Mtu aliyezoea kushika kipaza sauti husema chochote ili watu wamtazame. Kaseti za mazoezi nazo ni kelele tu, watu wanakohoa, watu wanatafuta sauti ya nyuzi. Usipoteze muda wako huko. Mrudishie.

Nimewaambia watu wa kituoni kwamba mwezi wa nne nitakuwa gazetini. Mzee yule wa kiuno naye nimemwambia. Nimenunua tai, ati mkitaka picha. Njooni mniambie mapema, gitaa nilipanguse.

Mogire


Kisii Mjini,
7 Aprili 2025

Baba mdogo,

Toleo lenyewe hili hapa, ukurasa wa kumi na nne. Nakala ya pili ni ya mama. Mpe mkononi, tafadhali.

Celestine


Ikonge,
13 Aprili 2025

Celestine,

Salamu utazipata kwa mama yako. Mimi leo sina.

Phanice alinikuta kituoni, mstari mrefu, kila mtu na kikapu chake cha majani. Nikasema wacha niwasomee. Nikafungua ukurasa wa kumi na nne mbele ya watu. Maneno ni yangu! Nyuzi kwenye sufuria, yangu. Kiuno, changu. Watu wakacheka, nikacheka nao. Halafu mmoja akauliza, "Na wewe uko wapi hapo?" Nikapitisha kidole juu mpaka chini kama mtoto anayetafuta namba yake kwenye matokeo ya mtihani. Kumbe nimeandikwa "mpiga besi mmoja kutoka Nyamira". Mmoja! Kama ng'ombe aliyepotea!

Nikageuza ukurasa. Kerubo wa Birongo, sauti Ochoki, solo fulani, ngoma fulani. Besi, "bado tunathibitisha".

Mnathibitisha nini? Mnathibitisha kwa nani? Mimi ndiye niliyeingia studio mwaka wa tisini na nne, mimi ndiye niliyetoka malengelenge vidoleni! Nilikubeba mgongoni kutoka hapa mpaka hospitali ulipougua surua. Karo yako ililipwa na mikono hii hii. Nilikuomba kitu kimoja, kimoja tu katika maisha yako yote, nikakwambia wazi ndicho kinachoniuma, na wewe ukachukua maneno yangu ukayauza bila mwenyewe. Asante ya punda ni mateke, niliisikia shuleni nikadhani ni methali.

Ungekuwa mgeni ningesema hakujua. Wewe ulijua. Ulikaa ukafikiri, ukaniacha mimi ninunue tai. Nilidhani nalea mtoto kumbe nafuga nyoka. Hata barua uliyoniandikia juu ya gazeti ilikuwa mistari miwili, kama ilani ya watu wa stima wanaokuja kukata umeme.

Sabato nilikaa nyuma. Mzee yule alinipa mkono akaniambia pole. Yeye! Nimeonewa huruma na yule!

Usinipitie ukija kumwona mama yako. Pitia njia ya juu.

Mogire


Kisii Mjini,
28 Aprili 2025

Baba mdogo,

Nakusalimu kwa heshima, hata kama salamu huzitaki. Nimesikia mguu wa mama umepata nafuu na kwamba majani yamerudi. Nimefurahi.

Barua yako naijibu leo kwa sababu wiki ya kwanza nilikuwa nimekasirika mno, na ya pili nilikuwa nalia.

Kaseti aliyonipa Ochoki imeandikwa Oktoba 1993. Niliiweka kwenye redio ya ofisini nikiwa na daftari, kikazi tu. Inaanza na kelele, kama ulivyosema, mtu anatafuta sauti ya nyuzi. Halafu besi ya Kerubo inapigwa yote, mwanzo mpaka mwisho, polepole. Kisha kuna sauti mbili. Ya kwanza niliijua, ni yako, nyembamba, ya kijana. Ya pili sikuijua. Inasema, "Mogire, siyo hivyo. Unakimbia. Uzi mnene uache utulie kwanza, kama babu alivyokuwa akipiga obokano. Anza tena." Wewe unaanza, unakosea, na sauti ile inacheka, inasema, "Usijali, utaishika. Anza tena." Ni hivyo karibu nusu saa. Mwishoni anakohoa sana, anasema mtaendelea Jumanne.

Nilirudi Ogembo kumuuliza Ochoki ni nani yule. Akasema, "Mtoto, huyo ni Onyiego. Huyo ni baba yako."

Baba mdogo, nina miaka thelathini na miwili. Sikuwahi kuisikia sauti ya baba yangu. Nilikuuliza nikiwa mtoto kama hakuna hata mkanda mmoja, ukaniambia hakuna kilichobaki. Nilikuuliza tena nikiwa kidato cha pili. Ukaniambia baba alikuwa mkulima mzuri, mtu mnyamavu. Mnyamavu! Alikuwa anacheka, baba mdogo. Ana kicheko kinachoanzia puani kama changu, na wewe ulikuwa unanisikia nikicheka hivyo kila siku ndani ya nyumba yako na hukusema kitu.

Ile besi ni yake. Aliitoa kwenye obokano ya babu, ile ala yetu ya nyuzi nane, akakufundisha. Ulisema ilikuja na matone ya mvua kwenye debe, na ulikuwa peke yako. Nilikuuliza Februari nikakuomba ujibu polepole. Ogweno alikuwa ametayarisha ukurasa wenye jina lako na nafasi ya picha. Nilimwambia asubiri, nikakusubiri. Nilitaka wewe mwenyewe ulitaje jina lake kwanza. Ungeandika Onyiego mara moja tu, mahali popote, hata kwenye salamu, ningewaandika nyote wawili na kulia kwa furaha.

Umeandika kurasa nzima juu ya majina. Ni maneno mazuri kuliko yote tuliyowahi kuchapisha, na wasomaji wameandika kusema hivyo. Lakini barua zako zote jina lake halimo. Kwetu mtu akifa, jina lake hupewa mtoto ili lisipotee. Una wana watatu. Onyiego ni nani kati yao?

Unasema nimekusaliti. Ni kweli, na nilikusudia. Nilikaa mbele ya mashine nikaandika "mpiga besi mmoja kutoka Nyamira" nikijua utakavyoumia, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeumia. Sijivunii. Lakini nilikufanyia kwa toleo moja ulichomfanyia yeye miaka thelathini na mmoja.

Ile nakala ya mama nilimwomba Phanice amsomee. Anasema mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni yote, akaenda kuchota maji.

Celestine Onyiego


Ikonge,
29 Juni 2025

Celestine,

Phanice amekuja kuniuliza barua mara tano. Mara nne nilimwambia sina kalamu. Mara ya tano alikuja na kalamu.

Utaijua kweli leo, na haitakuwa ndefu. Onyiego aliugua kifua. Siku ya studio ilikuwa imepangwa Januari, naye tulimzika Novemba. Alinifundisha kwa sababu alijua hatafika. Kaseti unayoisikiliza, ndiyo hiyo. Nilikwenda studio nikapiga kama alivyonionyesha, nikalia mpaka mwenye studio akazima mashine tukaanza upya.

Wimbo ulipotoka, watu wakanipiga bega barabarani. "Mogire, hiyo besi!" Mwanzoni nilinyamaza tu. Halafu nikatabasamu. Halafu siku moja mtu akauliza ilinijiaje, nikasikia mdomo wangu unasema mvua, debe. Ikawa ndiyo hadithi, na mimi mwenyewe nikawa naisikia ile mvua.

Nitakwambia nilivyojidanganya. Kwetu mdogo hupokea mzigo wa mkubwa wake. Wazee walikaa wakanikabidhi jembe, ng'ombe wawili, shamba nililiangalie, wewe na mama yako niwalishe, na gitaa. Besi hakuna aliyeitaja, nikaibeba pamoja na gitaa. Nikajiambia, si ni urithi? Lakini shamba lile mpaka leo kila mtu analiita la Onyiego. Boma linaitwa la Onyiego. Ng'ombe walipozaa watu walisema ni wa Onyiego. Besi peke yake ndiyo niliyoigeuza jina.

Wanangu, umeuliza. Mama yako mdogo alitaka wa kwanza aitwe Onyiego. Nilikataa, nikasema litatuletea huzuni. Uongo mtupu. Sikutaka kuliita kila asubuhi na kuitikiwa.

Nilikuita nyoka. Nalifuta neno hilo, ingawa najua halifutiki. Nilikasirika kwa sababu ya ukurasa mmoja, mimi! Haya niliyoandika hapa chini ni ya Ogweno. Ayaweke kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, asipunguze kitu:

"Kwa mhariri wa Nyuzi. Mlisema mnathibitisha besi ya Kerubo wa Birongo. Thibitisheni. Aliyeitunga ni Onyiego wa Ikonge, kutoka kwenye obokano ya babu yake. Alikufa Novemba 1993 kabla ya kurekodi. Aliyeipiga kwenye kaseti alifundishwa naye, na kwa miaka thelathini na mmoja aliwaambia watu kwamba ni yake. Ilikuwa uongo."

Jumapili iliyopita niliona haifai mgeni asome habari hizo gazetini kabla ya mama yako kuzisikia kwangu. Nikavuka ua. Mama yako Bitutu alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Nikasimama mbele yake, mtu mzima, nikamwambia yote, Oktoba, studio, mvua ya uongo. Hakuinua macho. Nilipomaliza akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharagwe, akasema, "Nilijua, Mogire. Aliitunga usiku tukiwa na mtoto mgonjwa, mimi nikiwa nimeshika taa. Ningefungua mdomo, Celestine angekula kwa nani?"

Kisha akaendelea na maharagwe yake. Nimelitafuta jibu wiki nzima, mwanangu. Kama wewe unalo usiniletee mimi, mpelekee yeye.

Mogire,
mdogo wake Onyiego